Nyuma ya Boila

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wenye viwanda, mameneja na mafundi waliokutana kuzungumzia ubora na tija. Imeandikwa karibu kama ilivyosemwa.

Ndugu Mwenyekiti, wakurugenzi, mameneja, wasimamizi wa zamu, na ninyi mafundi mliobanana safu ya mwisho karibu na mlango: asanteni kwa kunialika.

Nianze na hao wa mlangoni. Hapa mbele nimehesabu viti kumi na viwili havina mtu. Hakuna tangazo linalowakataza kuvikalia, wala sijamwona aliyewazuia. Mmejizuia wenyewe, na hakuna aliyeshangaa. Naomba jambo hilo mlishike, kwa maana nusu ya niliyokuja kuyasema imo humo. Anayetaka kusogea asogee. Baadaye kidogo nitahitaji watu wanne wa kunisaidia, na nitawatafuta huko huko.

Semina za Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, nilizohudhuria, karibu zote zilifunguliwa kwa haba na haba hujaza kibaba. Siichukii methali hiyo, ila imetumika mpaka imechakaa, na nadhani inatupotosha kidogo. Inatufanya tuone kuwa kuboresha kazi ni kuokota vijisenti: karatasi moja isipotee, taa moja izimwe. Hayo ni mema. Lakini kiwanda hakiugui kwa kukosa kuokota vijisenti, huugua kwa kuficha. Kwa hiyo methali yangu ya leo ni ile nyingine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Na nitaanza na maradhi niliyoyaficha mimi.

Nilikuwa kijana, nimekabidhiwa kitengo cha ubora katika kiwanda cha kufungasha sabuni ya unga. Pakiti zilikuwa zinavuja kwenye mshono. Kila siku zilirudi, kila siku mkurugenzi aliniita. Nikaja na dawa ambayo niliiona kali na ya haki: jedwali la makato. Pakiti mbovu zihesabiwe kwa kila zamu, na zamu iliyozidisha idadi fulani ikatwe posho. Nikalibandika mlangoni, nikalipiga muhuri.

Ilifanya kazi ajabu. Mwezi wa kwanza idadi ikashuka hadi nusu, mwezi wa pili ikashuka tena. Nikachora grafu ya rangi mbili, nikapongezwa mbele ya bodi. Mwezi wa tatu fundi wa boila akaja ofisini kulalamika kwamba hana pa kupita. Nikamfuata. Nyuma ya boila, penye joto ambapo mtu wa ofisini hafiki, kulikuwa na magunia yamepangwa hadi juu. Ndani yake zilikuwamo pakiti zilizovuja, za miezi mitatu.

Kasoro hazikupungua hata moja. Kilichopungua ni taarifa.

Nilipopoa hasira nikakaa na mama mmoja wa zamu ya usiku, mtu mzima, nikamuuliza mashine ina nini. Akaniambia chuma kinachobana mshono hakipati moto sawasawa upande wa kushoto, na kile kipimajoto kinachoonyesha kwamba moto umefika kinadanganya. Walijua tangu mwanzo. Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akasema, "Mwanangu, hapa anayesema ndiye anayekatwa."

Kipimajoto kilibadilishwa kwa gharama ndogo kuliko ile rangi ya grafu zangu. Sijawahi kuisimulia habari hii mbele ya watu wengi kiasi hiki, na bado inaniwasha.

Sasa nawaomba wale wanne. Nanyi wa mbele mtazame vizuri.

Kisanduku hiki kina shanga 4,000. Nyeupe ni 3,200, nyekundu ni 800. Hiki ni kibao chenye vishimo 50. Kazi ni nyepesi: chovya kibao, kiinue, hesabu. Mteja wetu anataka nyeupe tu, nyekundu ni kasoro. Mchezo huu si wangu. Aliyeufanya maarufu ni W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani, ambaye aliuchezesha miaka mingi mbele ya wakubwa wa viwanda. Mimi ndiye meneja wenu. Haya, kazi.

Mmeona matokeo. Wa kwanza nyekundu 9. Wa pili 13, na kwa uzembe huo namtoza faini mbele yenu wote. Wa tatu 6: huyu ndiye mfanyakazi bora wa mwezi, picha yake tutaitundika mapokezi. Wa nne 11, apewe onyo la maandishi. Tumewahimiza, tumewatisha, tumewapigia hotuba ya uzalendo. Turudie.

Wa kwanza 10. Wa pili, tuliyemtoza faini, 7. Mnaona? Faini imemnyoosha! Wa tatu, mfanyakazi bora, 12. Sifa zimempanda kichwani. Wa nne 8, onyo limemwingia.

Mnacheka, lakini ndivyo tunavyosema kwenye vikao kila Jumatatu. Sehemu ya tano ya shanga zilizomo sandukuni ni nyekundu. Ukichota 50 utapata nyekundu kama 10, leo zaidi, kesho pungufu, na hakuna jitihada ya mkono wa mtu inayobadili hilo. Nani alinunua shanga? Nani alitengeneza kibao? Nani alikataza wachotaji wasitoe maoni? Mimi meneja. Wao walichovya tu. Asanteni ndugu zangu, lakini msirudi mlangoni. Kaeni hapa mbele.

Elimu iliyomo katika mchezo huo ina miaka mia moja sasa. Mwezi Mei 1924, Walter Shewhart, mwanafizikia aliyefanya kazi Western Electric, kampuni ya vifaa vya simu huko Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro. Katikati kuna mstari wa wastani, juu yake mpaka, chini yake mpaka. Alichokiona ni hiki: hakuna mashine inayotoa vitu viwili vinavyofanana kabisa. Tofauti zipo siku zote. Swali ni tofauti ipi ni ya kawaida ya mfumo wenyewe, kama mapigo ya moyo ya mtu mzima, na ipi ina sababu yake mahususi inayoweza kutafutwa ikashikwa: betri ya mizani iliyokwisha, shehena mpya ya malighafi yenye unyevu, mgeni aliyewekwa kwenye mashine bila kufundishwa.

Kuchanganya aina hizo mbili kuna gharama pande zote. Fundi wa mashine ya kujaza anapima pakiti moja, inazidi gramu mbili, anarekebisha. Inayofuata imepungua gramu tatu, anarekebisha tena. Mtu huyu ana bidii kuliko wote zamu nzima, na kwa bidii hiyo anautawanya uzito kuliko kama angeiacha mashine peke yake, kwa sababu anaifukuza bahati nasibu. Mfundishe achukue pakiti tano kila nusu saa, aandike wastani wake kwenye mchoro, na aguse mashine pale tu mchoro unapomwambia, yaani wastani ukivuka mpaka wa juu au wa chini. Inahitaji karatasi ya miraba, penseli na saa ya ukutani. Kompyuta si lazima.

Deming alikadiria kuwa sehemu 94 kwa mia za matatizo ni za mfumo, ambao ni wajibu wa uongozi, na 6 tu ndizo zenye sababu mahususi. Hayo ni makadirio ya mzee aliyeona viwanda vingi, sitaki myachukue kama kipimo cha maabara. Hata ukipunguza ibaki 70, bado wale tunaowakata posho siyo wanaostahili kuulizwa kwanza.

Najua kinachopita vichwani mwenu sasa. Mkurugenzi mmoja aliniambia wakati wa chai: "Mwalimu, hayo ni ya matajiri. Sisi mashine zetu zimeshazeeka kwa wenzetu kabla hazijatufikia, umeme unakatika, vipuri vinasubiri meli. Ubora utakuja tukishapata mtaji."

Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nimeiishi. Lakini tuiangalie kwa historia, kisha kwa hesabu.

Japani ya mwaka 1950 ilikuwa nchi iliyoshindwa vita, miji imeungua, inakaliwa na jeshi la kigeni. Nje, jina la bidhaa zake lilikuwa kama tusi, maana yake ni kitu cha bei rahisi kitakachovunjika kesho. Mwaka huo Jumuiya ya Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ilimwalika Deming awafundishe takwimu za ubora. Alifundisha wahandisi, ila alisisitiza jambo lililowashangaza: anataka kukaa na wakuu wa makampuni wenyewe. Kwao Marekani alikuwa ameona wahandisi wakifundishwa vizuri wakati wa vita, na vita vilipokwisha elimu ile ikafifia, kwa sababu wenye maamuzi hawakuielewa. Wajapani wakawaleta wakuu wakaketi. Malipo ya mihadhara yake iliyochapishwa aliwaachia, nao mwaka 1951 wakaanzisha tuzo yenye jina lake, ambayo hutolewa hadi leo. Mwaka 1954 akaja Joseph Juran, mtaalamu mwingine wa ubora kutoka Marekani, akazungumza zaidi na mameneja.

Mwaka huo huo wa 1950 Toyota ilikuwa imeponea chupuchupu kufilisika. Kulikuwa na mgomo, wafanyakazi wakapunguzwa, na Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni ya magari, akajiuzulu. Watu hawa hawakubuni utaratibu wao maarufu wa kazi kwa sababu walikuwa na fedha. Waliubuni kwa kuwa hawakuwa nazo. Hawakuweza kujaza maghala vipuri vya miezi sita, wala kutupa sehemu ya kumi ya kila walichotengeneza. Taiichi Ohno, mhandisi wao, alikuwa akihangaika kwenye karakana yao na swali ambalo kila mmoja wenu analijua: nitazalishaje kwa kidogo nilichonacho?

Hesabu sasa. Kiwanda kinauza kwa 100, kinatumia 95, kinabaki na faida ya 5. Ndani ya ile 95, tuseme 5 inaishia kwenye bidhaa zilizotupwa, kazi iliyorudiwa na mizigo iliyorudishwa. Ukipunguza hasara hiyo kwa nusu, unaongeza 2.5 kwenye faida. Faida imepanda kwa asilimia 50 na hujauza hata kitu kimoja zaidi. Kupata ongezeko hilo kwa njia ya mauzo, faida ya kila kitu ikibaki ile ile, inabidi uuze mara moja na nusu ya unavyouza sasa. Na katika viwanda vingi vya nchi zinazoendelea mshahara ni sehemu ndogo ya gharama, malighafi ndiyo inayokula fedha, tena nyingine inanunuliwa kwa fedha za kigeni. Tajiri akitupa malighafi anapata hasara. Wewe ukiitupa umetupa dola ulizozipangia foleni. Sasa ni nani kati yenu asiyemudu kasoro?

Na kasoro hujificha vizuri katika hatua. Mtu akiniambia "idara yangu iko asilimia 95" anatarajia pongezi. Bidhaa ikipita idara 10 za namna hiyo, zinazofika mlango wa mwisho zikiwa salama tangu mwanzo hazifiki 60 kwa 100. Kila idara ikipanda hadi 99, zinafika 90 na ushei. Hakuna idara iliyofanya vibaya, na bado kiwanda kimepoteza. Ndiyo maana mkaguzi anayesimama mlango wa mwisho, hata akiwa na macho ya mwewe, anahesabu maiti tu.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kusimamisha kazi, jambo ambalo mameneja hawapendi kulisikia. Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, hakuwa mtu wa magari. Alitengeneza mitambo ya kufuma nguo. Mtambo wake wa mwaka 1924 ulikuwa na tabia moja: uzi ukikatika, unajisimamisha wenyewe. Kwa mitambo isiyojisimamisha, mtu alilazimika kuukodolea macho kila mtambo, na uzi ukikatika asipouona, kitambaa kiliendelea kufumwa kibovu mita kwa mita. Mtambo unaojisimamisha ulimwezesha mtu mmoja kutazama mitambo mingi. Wazo hilo ndilo lililohamia kwenye magari: kamba juu ya mstari wa kuunganisha gari, mfanyakazi akiona tatizo anaivuta, taa inawaka, msimamizi anakuja mbio. Wasipolimaliza mapema, mstari unasimama.

Tatizo la kamba hiyo ni kwamba ni rahisi kuinunua. Nimeingia kiwanda chenye kamba nzuri ya manjano. Nikamuuliza binti aliyesimama chini yake mara ya mwisho aliivuta lini. Akamtazama msimamizi wake kwanza, kisha akanijibu kwamba hapakuwa na tatizo tangu iwekwe. Tangu iwekwe! Sikuhitaji kuuliza la pili. Kamba haisimamishi kitu. Kinachosimamisha kazi ni uso wa msimamizi anapofika. Akifika anauliza "Ni nini?", kamba itavutwa tena. Akifika anauliza "Ni nani?", hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Ohno alikuwa na zoezi la kuuliza kwa nini mara tano, na mfano wake mwenyewe ni mzuri kuliko wowote ninaoweza kuutunga. Mashine imesimama. Kwa nini? Fyuzi imeungua kwa kuelemewa. Kwa nini imeelemewa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hakuna kichujio, vipande vya chuma vimeingia. Ungeishia kwenye swali la kwanza ungebadilisha fyuzi, na wiki ijayo ungebadilisha nyingine. Na mtunza stoo angekuandikia kwamba mnatumia fyuzi nyingi mno, huenda zinaibwa.

Nimeona zoezi hili likiharibiwa kwa namna moja tu, karibu kila mahali. Jibu la kwanza huwa jina la mtu. Kwa nini? Kwa sababu mlinzi wa mashine alisinzia. Hapo maswali yanakufa na barua ya onyo inazaliwa. Endelea! Kwa nini alisinzia? Amefanya zamu mbili mfululizo. Kwa nini? Mwenzake hakuja na hakuna aliyefundishwa kumshikia. Kwa nini hakuna? Hapo tumefika ofisini kwa meneja, ndiyo maana wengi hawapendi kufika.

Umeme ukikatika je? Wenye hoja hiyo huwa nawaomba daftari la kukatika kwa umeme. Mara nyingi halipo, kuna malalamiko. Andika saa uliokatika, saa uliorudi, na ubora wa vitu 20 vya kwanza baada ya kurudi. Utagundua kwamba hasara kubwa inatokea katika dakika ambazo mashine imewashwa haraka kabla haijapata joto lake, kwa kuwa zamu inataka kufidia lengo la siku. Huwezi kuliamuru shirika la umeme, lakini dakika hizo ni zako.

Kuhusu S tano, ule utaratibu wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi, nitakwenda haraka. Kwa Kijapani ni seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke, na Kiswahili kimetupa bahati ya kuzibakiza S: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nazipenda, lakini nimechoka na mistari ya rangi sakafuni inayochorwa siku mbili kabla ya mgeni kufika. Usafi wa kiwanda una kazi moja kubwa: ukifuta mashine kwa kitambaa, unaona nati iliyolegea na tone la mafuta ambalo jana halikuwapo. Ukiwaachia wafagizi peke yao wafanye usafi huo, umewapa jicho la kiwanda watu wasiojua mashine, na nati italegea mpaka idondoke.

Sasa cheti. Nawaona watatu hapa mbele wamevaa beji za ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, nawapongeza, msinikasirikie. Kiwango hicho kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1987, na toleo la mwaka 2015 ndilo wengi wenu mliloliweka kwenye fremu. Hakisemi bidhaa yako iwe ngumu kiasi gani au idumu miaka mingapi. Kinahusu namna unavyoendesha kazi: umeahidi nini, unajuaje umetimiza, na usipotimiza unafanya nini ili lisirudi. Shirika la ISO lenyewe halimpi cheti mtu yeyote, hutunga viwango tu, na makampuni mengine ndiyo yanayokagua. Kiwanda kinaweza kuwa na cheti halali kabisa kikatoa ndoo zinazovuja, mradi kinaandika kwa uaminifu kwamba zinavuja na kinaonyesha hatua kinazochukua.

Neno ni uaminifu. Niliwahi kukagua faili za kiwanda kimoja, fomu za usafi wa tangi za miezi sita, kila siku imesainiwa. Sahihi zote zilikuwa za wino mmoja wa zambarau, mkono mmoja, na karatasi haina doa wala kidole cha grisi. Karatasi iliyokaa miezi sita karibu na tangi! Nikamwambia meneja: fomu hizi ni safi kuliko tangi. Naye, kwa haki, alicheka kabla ya kukunja uso. Tukakubaliana kufuta fomu 14 kati ya 20, zikabaki zile ambazo kuna mtu anazisoma. Fomu isiyosomwa na mtu inawafundisha wafanyakazi kitu kimoja, nacho ni kudanganya bila kuona haya.

Na kabla hujaamini karatasi, amini kwanza mizani. Chukua kitu kimoja, mpe mkaguzi wa asubuhi apime mara tatu bila kumwambia ni kile kile, kisha wa jioni naye hivyo hivyo. Namba zikipishana kuliko tofauti uliyokuwa unawagombeza wazalishaji, umekuwa ukigombana na mizani. Nimeshuhudia mizani mbili za idara mbili, malighafi ikitoka kwa moja na kupokelewa kwa nyingine, na watu wakishukiana wizi kwa mwaka mzima. Ugezi, yaani kulinganisha kipimo chako na kipimo rejea kinachoaminika, unaonekana gharama kwa mwenye kiwanda kidogo kwa sababu maabara iko mbali. Basi tafuta jiwe moja la uzito lililohakikiwa, lifungie kabatini, litumie kila asubuhi kuzijaribu mizani zote. Halimalizi kila kitu, lakini mizani iliyohama utaijua siku hiyo hiyo.

Nimebakiwa na jambo moja, na ni la hawa waliosogea mbele. Swali lao nalijua ingawa hawajaliuliza: tukiwaonyesha namna ya kufanya kazi ya watu watano kwa watu wanne, huyo wa tano anakwenda wapi?

Swali hilo lilijibiwa rasmi mwaka 1955, Kituo cha Tija cha Japani kilipoanzishwa. Kilitangaza kanuni tatu: tija ilenge kuongeza ajira, na wanaobaki bila kazi kwa muda wahamishiwe kazi nyingine badala ya kuachishwa, waajiri na wafanyakazi washauriane namna ya kuiongeza, na matunda yake yagawanywe kwa haki kati ya uongozi, wafanyakazi na walaji. Si kila kampuni ilizifuata, binadamu ni binadamu. Lakini ziliandikwa mwanzoni, kabla ya grafu. Ndani ya hali hiyo, mwaka 1962, Kaoru Ishikawa, mtaalamu wa ubora wa Japani, na wenzake wakaanzisha jarida la wasimamizi wa sakafuni na kuwahimiza walisome kwa vikundi, na vikundi hivyo vya kusoma ndivyo vilivyogeuka kuwa duru za ubora, yaani vikundi vya wafanyakazi vinavyokutana kutatua matatizo ya kazi yao. Watu walianza kwa kusoma pamoja, jamani.

Singapore ilipoomba msaada wa Japani wa kuongeza tija, mradi wao wa pamoja ukaanza mwaka 1983 na kuchukua miaka saba. Tunisia ilifuata mwaka 2006. Ethiopia ilianza na viwanda 30 vya majaribio mwaka 2009, ikafungua taasisi yake ya Kaizen mwaka 2011. Wengi hutaja nchi hizo ili kuonyesha kwamba inawezekana. Mimi hutazama miaka. Singapore, kisiwa kidogo chenye serikali yenye nidhamu kali, ilihitaji miaka saba ya kufundishwa. Nasi tunataka semina ya siku mbili na chakula cha mchana.

Mkurugenzi ukichukua wazo la fundi, likakuokolea fedha, kisha mwisho wa mwezi ukampunguza jirani yake, umelipata wazo lako la mwisho. Hawatagoma wala kukuandikia. Watakaa karibu na mlango, kama leo, na watakuitikia "ndiyo bosi" kwa heshima zote. Ukitaka wazo la pili, sema wazi kabla hujaomba la kwanza: hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya alichokionyesha. Kama huwezi kuahidi hilo, nakuomba usianze kabisa, maana atakayekuja baada yako atahitaji miaka kuwafumbua midomo.

Kesho asubuhi, kabla ya kikao, nendeni mkatazame nyuma ya boila zenu. Kila kiwanda kina nyuma ya boila yake. Kwa wengine ni chumba cha ngazi, kwa wengine ni faili la kompyuta lenye jina lisiloeleweka. Nendeni peke yenu, bila msafara, na mkikuta magunia msiulize ni ya nani.

Kisanduku cha shanga nakiacha hapa mezani, mkitaka kukitumia kazini kwenu. Na ndugu yangu uliyechota 13, ile faini yako nimeifuta. Mwenyekiti ananionyesha saa, nimebakiwa na dakika kumi za maswali. Tutaanza na waliokuwa mlangoni. Naam, mama, karibu. Subiri wakuletee kipaza sauti.